Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuwatafuta Mababu Wafanyakazi wa England na Wales katika Sensa na Madaftari ya Parokia

Majibu haya yanamhusu mtu ambaye wazee wake walikuwa vibarua wa mashamba, wachimba makaa ya mawe, wafumaji, watumishi wa nyumbani au mafundi wadogo katika England na Wales. Scotland na Ireland zina sheria na tarehe zao, hivyo hazikuingizwa hapa. Jambo moja litajitokeza karibu katika kila jibu: wafanyakazi hawa waliandikwa na watu wengine, yaani kasisi, karani wa sensa, msajili au msimamizi wa maskini, na kila mmoja wao alikuwa na sababu yake ya kuandika. Anayeisoma rekodi bila kujiuliza ni nani aliyeiandika na kwa ajili gani atapotea mapema.

Nianzie wapi?

Anza na watu walio hai, kisha urudi nyuma kizazi kimoja kimoja bila kuruka. Wengi huanza na jina la ukoo walilolikuta katika daftari la karne ya 18, wakajaribu kuliunganisha na familia yao kwa kushuka nalo, na kazi yote ikaharibika, kwa kuwa jina la ukoo peke yake halithibitishi udugu.

Kabla ya kugusa sensa, tafuta vyeti. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa hutaja baba na kazi yake, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Cheti cha ndoa hutaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Kwa hiyo cheti cha ndoa iliyofungwa miaka ya 1860 kinaweza kukufikisha kwa wanaume wawili waliozaliwa kabla usajili wenyewe haujaanza. Usikate tamaa ukikosa cheti cha kuzaliwa cha miaka ya mwanzo, kwani hadi mwaka 1875 mzazi ambaye hakumsajili mtoto hakuwa na adhabu ya kuogopa, na watoto wengi wa mitaa yenye msongamano walibatizwa bila kusajiliwa, au hawakufanyiwa lolote kati ya hayo.

Je, watu maskini waliandikwa kweli?

Waliandikwa, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Fukara aliyeomba msaada wa parokia (eneo la kanisa moja, lililowajibika pia kuwatunza maskini wake) anaweza kuwa ameacha karatasi nyingi kuliko mwenye duka dogo aliyejitegemea maisha yake yote, kwa sababu kila peni iliyotolewa kwa fukara huyo ilitoka katika kodi ya majirani, na aliyeitoa alipaswa kuitolea hesabu. Ugumu hutokea kwa yule wa katikati: kibarua aliyefanya kazi, akalipa kodi ya nyumba, hakushtakiwa, hakuomba msaada na hakuacha wosia. Huyo utampata hasa katika sensa na katika daftari la parokia, na ndiyo maana rekodi hizo mbili zina uzito mkubwa kwa familia za wafanyakazi.

Ni sensa zipi zinazofaa, na kila moja inasema nini?

Sensa imefanyika kila baada ya miaka 10 tangu mwaka 1801, isipokuwa mwaka 1941, lakini zile nne za mwanzo zilikuwa za kuhesabu vichwa tu na kwa kawaida hazikuhifadhi majina. Sensa ya tarehe 6 Juni 1841 ndiyo ya kwanza kuandika majina ya watu wote kwa utaratibu mmoja, na ndiyo inayotesa zaidi. Iliandikwa kwa penseli, haisemi uhusiano wa mtu na mkuu wa kaya, na kuhusu mahali pa kuzaliwa inauliza tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ileile au la. Umri wa watu waliozidi miaka 15 ulitakiwa upunguzwe hadi kwenye namba inayogawanyika kwa tano iliyo chini yake, ingawa si makarani wote waliofuata agizo hilo. Mwanamume na mwanamke wenye umri wa miaka 30 walioandikwa pamoja na watoto wanne wanaweza kuwa mume na mke, lakini pia wanaweza kuwa kaka na dada wanaolea yatima.

Kuanzia sensa ya tarehe 30 Machi 1851 mambo yanakuwa bora: uhusiano, hali ya ndoa, umri kamili, kazi, na parokia pamoja na kaunti ya kuzaliwa. Hapo ndipo sensa inapokuwa mlango wa kuingilia kwenye madaftari ya kanisa, kwa kuwa jina la parokia linakuambia ni daftari lipi ulifungue. Sensa ya 1891 iliongeza idadi ya vyumba kwa kaya zilizokuwa na vyumba pungufu ya vitano, na kwa familia ya mfanyakazi takwimu hiyo ndogo inaeleza mengi. Ukisoma kwamba wazazi, watoto saba na mpangaji mmoja waliishi katika vyumba viwili, utaelewa kwa nini mtoto wa miaka 13 alikuwa tayari mtumishi katika nyumba ya watu.

Sensa ya tarehe 2 Aprili 1911 inastahili kusomwa taratibu. Kwa sensa za kabla yake tulichobaki nacho ni vitabu ambamo karani alinakili majibu, lakini kwa mwaka 1911 fomu zenyewe za kaya zimehifadhiwa, hivyo mwandiko unaouona huenda ni wa babu yako mwenyewe. Wanawake walioolewa waliulizwa miaka ya ndoa, idadi ya watoto waliozaliwa hai, walio hai bado na waliokufa. Kama jibu ni watoto kumi, sita wakiwa hai, unao watoto wanne wa kuwatafuta katika faharasa za vifo, na pengine hakuna mtu katika familia aliyewahi kukutajia hata mmoja wao. Sensa ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022, haina swali hilo, lakini inataja mwajiri na mahali pa kazi.

Na sensa za 1931 na 1941 ziko wapi?

Fomu za 1931 za England na Wales ziliteketea kwa moto Desemba 1942, na mwaka 1941 sensa haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kwa sehemu na Rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, orodha ya wakazi iliyoandikwa vita vilipoanza, ambayo inataja tarehe kamili za kuzaliwa na kazi, na kwa wanawake wengi jina jipya la ndoa liliongezwa baadaye pembeni. Kwa kuwa taarifa za sensa hufungwa kwa miaka 100, sensa ya 1951 haitasomwa kabla ya mwaka 2052.

Kwa nini umri wa mtu yuleyule haulingani kutoka sensa hadi sensa?

Kwa sababu wengi hawakujua umri wao kwa hakika, wengine walikuwa na sababu za kuubadilisha, na aliyejibu maswali mara nyingi hakuwa mhusika mwenyewe. Chukua mfano wa mwanamke aliyeandikwa kuwa na miaka 25 mwaka 1841, 37 mwaka 1851, 45 mwaka 1861 na 58 mwaka 1871. Kwa mtazamo wa haraka hawa ni watu tofauti. Lakini 25 ya mwaka 1841 ina maana ya umri wowote kuanzia 25 hadi 29, yaani alizaliwa kati ya 1811 na 1816. Umri wa 1851 unaelekeza 1813 au 1814, wa 1861 unaelekeza 1815 au 1816, na wa 1871 unaelekeza 1812 au 1813. Zote zinaingia katika muda uleule. Utafute basi ubatizo kuanzia 1811, uendelee hadi miaka michache baada ya 1816, kwa kuwa wapo waliobatizwa wakiwa wameshakuwa wakubwa.

Mahali pa kuzaliwa nako hubadilika. Mtu aliyehamia mjini anaweza kutaja kijiji chake katika sensa moja, na katika sensa nyingine akataja mji mkubwa ulio karibu nacho. Jibu linalotaja kijiji kidogo ambacho karani hakuwa na sababu ya kukifahamu ndilo la kuaminiwa zaidi.

Nimetafuta sensa yote na simwoni. Nifanye nini?

Kwanza shuku faharasa kabla ya kushuku sensa. Jina lilisemwa kwa lafudhi ya mtu asiyejua kusoma, likaandikwa na karani, kisha likasomwa na mnukuzi baada ya zaidi ya karne moja, na katika kila hatua liliweza kubadilika. Acha jina la ukoo kabisa, utafute kwa jina la kwanza, umri na parokia ya kuzaliwa. Au mtafute mdogo wake mwenye jina lisilo la kawaida. Kumbuka vifupisho: Wm ni William, Jas ni James, na Jno ni John.

Pili, fikiria alikolala usiku ule. Msichana wa miaka 14 huenda alikuwa mtumishi katika kaunti nyingine, kijana huenda alikuwa melini au kambini, na mzee huenda alikuwa katika nyumba ya kazi ya maskini, ambako baadhi ya wasimamizi waliandika herufi za mwanzo za majina pekee. Tatu, baadhi ya kurasa zimeharibika. Vitabu vya mwaka 1851 vya Manchester na miji ya jirani vililoweshwa na maji, na sehemu yake haisomeki.

Ukimpata, isome picha ya ukurasa wenyewe, na usiishie kwenye maandishi yaliyochapwa upya. Mistari mifupi ya mshazari iliyo kando ya majina inaonyesha kaya moja inapoishia na nyumba inapoishia, na bila kuiangalia unaweza kuziunganisha familia mbili zilizopanga chini ya paa moja. Soma pia kurasa mbili za mbele na mbili za nyuma, kwa sababu ndugu, wakwe na wachumba wa kesho mara nyingi walikaa mtaa uleule.

Maelezo ya kazi yanaaminika kiasi gani?

Kwa wanaume yanaaminika, ingawa ni finyu. Utakutana mara nyingi na kifupisho «Ag. Lab.», yaani kibarua wa mashamba, na nyuma yake kunaweza kuwa na mtunza farasi mwenye ujuzi mkubwa au mtu wa kuokota mawe kwa ujira wa kutwa. Vyeti na madaftari ya ubatizo huweza kuongeza undani, kwa kuwa kila mtoto alipobatizwa kazi ya baba iliulizwa upya, na ukipanga majibu hayo kwa miaka utaona mfumaji wa mkono akigeuka kibarua wakati viwanda vya mashine vilipoichukua kazi yake.

Kwa wanawake hali ni mbaya zaidi, na inafaa kulisema hili bila kuzungukazunguka. Nafasi ya kazi ya mke iliachwa wazi mara kwa mara hata alipokuwa anafua nguo za watu, anashona kwa kulipwa kwa kipande au anavuna kwa msimu. Nafasi iliyo wazi haithibitishi kwamba hakufanya kazi. Inaonyesha tu kwamba kazi yake haikuonekana kustahili kuandikwa.

Uhusiano nao una mtego wake. Katika karne ya 19 mtoto wa kambo aliitwa mara nyingi kwa neno lilelile la mkwe (in-law), kwa hiyo «mkwe» wa kiume mwenye miaka 6 ni mtoto wa mke kutoka ndoa ya awali.

Madaftari ya parokia yalianza lini, na nitegemee kukuta nini ndani yake?

Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Madaftari machache yamebaki tangu mwaka huo. Mwaka 1598 iliamriwa kwamba rekodi zinakiliwe kwenye ngozi, hasa tangu mwanzo wa utawala wa Elizabeth mwaka 1558, na ndiyo sababu madaftari mengi huanzia hapo. Iliamriwa pia kwamba nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Nakala hizo za askofu ni hazina: daftari la asili linapokuwa limeliwa na panya au limepotea, nakala inaweza kuwa salama, na pale zinapokuwapo zote mbili wakati mwingine moja inataja kitu ambacho nyingine imekiacha. Tegemea pia pengo la miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Oliver Cromwell, kati ya miaka ya 1640 na 1660.

Madaftari ya zamani yana maneno machache sana. Ubatizo unaweza kutaja mtoto na baba pekee, kana kwamba hakuzaliwa na mama. Mabadiliko mawili ya sheria yanamsaidia mtafutaji. Sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke, iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754, ilitaka ndoa ifungwe kanisani baada ya matangazo au kwa kibali, iandikwe katika daftari maalumu, na isainiwe na maharusi pamoja na mashahidi. Sheria ya George Rose, iliyoanza tarehe 1 Januari 1813, ilileta fomu zilizochapwa: ubatizo ukataja majina ya wazazi, makazi na kazi ya baba, na maziko yakataja umri na makazi.

Ukurasa wa ndoa wa baada ya 1754 unapaswa kutazamwa kwa jicho la karibu. Asiyejua kuandika alichora msalaba, na kasisi akaandika jina lake kuuzunguka. Baadhi ya misalaba hiyo ni mizito na yenye kutetemeka, alama ya mkono ambao haukuzoea kalamu. Huenda ndiyo alama pekee iliyobaki ya mkono wa bibi yako. Kisha tazama mashahidi. Jina linalojirudia katika kila ndoa ya ukurasa ni la karani wa kanisa, lakini shahidi anayeonekana mara moja tu aghalabu ni ndugu au rafiki wa karibu, na huyo ni uzi wa kufuatwa.

Je, tarehe ya ubatizo ni tarehe ya kuzaliwa?

Hapana. Wengi walibatizwa wakiwa na majuma machache, lakini familia nyingine zilisubiri na kubatiza watoto wanne kwa siku moja. Kati ya 1783 na 1794 kila maandishi ya daftari yalitozwa kodi ya peni 3, mafukara wakisamehewa, na baadhi ya wazazi waliharakisha ubatizo kabla ya kodi hiyo au waliuahirisha.

Kwa nini Februari 1740 huandikwa wakati mwingine 1740/41?

Kabla ya 1752 mwaka rasmi katika England ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, na ile iliyoandikwa 1740 kwa hesabu ya leo ni ya 1741. Andika miaka yote miwili katika kumbukumbu zako, usije ukaona mtoto amezikwa kabla ya kuzaliwa.

Familia yangu haikuwa ya Kanisa la England. Inakuwaje?

Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo walikuwa na nguvu hasa miongoni mwa wachimba madini na wafanyakazi wa viwanda. Baada ya usajili wa serikali kuanza, madaftari mengi ya makanisa yao yalikusanywa na serikali, na leo yamo katika Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London. Hata hivyo, kati ya 1754 na 1837 ni Wakweka (Quakers) na Wayahudi pekee walioruhusiwa kufunga ndoa kwa taratibu zao, kwa hiyo ndoa ya Mbaptisti au Mkatoliki wa kipindi hicho itafute katika kanisa la parokia.

Baba hatajwi. Je, njia imefungwa?

Si lazima. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa angeweza kuwa mzigo kwa kodi ya parokia, hivyo wasimamizi wa maskini walikuwa na ari kubwa ya kumjua baba. Kabla ya sheria mpya ya maskini ya 1834 mama alihojiwa kwa kiapo mbele ya mahakimu, na mwanamume aliyetajwa alitakiwa kuweka dhamana au kulipia matunzo. Karatasi hizo, pale zilipohifadhiwa, hutaja baba ambaye daftari la ubatizo limemnyamazia. Angalia pia jina la kati la mtoto. Jina la ukoo lililopachikwa hapo mara nyingi ni la baba.

Mtu wangu aliingia parokia hii bila kuonekana alikotoka. Nitamfuatilia vipi?

Hapa ndipo rekodi za maskini zinapozidi kwa utajiri rekodi nyingine zote. Chini ya sheria ya 1662 na zile zilizoifuata kila mtu alikuwa na parokia moja iliyopaswa kumtunza, na haki hiyo ya ukaazi ilipatikana kwa kuzaliwa, kwa kumaliza uanagenzi, kwa kuajiriwa mwaka mzima akiwa hajaoa, au kwa kupanga mahali pa thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Mke alifuata haki ya mumewe. Aliyeishiwa nje ya parokia yake alihojiwa na mahakimu, na mahojiano hayo ni wasifu mfupi wa mtu ambaye hakuna mwingine aliyefikiria kumwandikia wasifu: alizaliwa wapi, alimtumikia bwana gani, kwa ujira gani, alioa lini, ana watoto wangapi. Kisha inaweza kufuata amri ya kumrudisha yeye na familia yake kwao, ikitaja parokia zote mbili.

Sheria hiyo ilikuwa katili. Waajiri wengine waliajiri watu kwa majuma 51 ili wasipate haki, na wanawake wajawazito wasio na waume walisukumwa kuvuka mpaka wa parokia kabla ya kujifungua, kwa sababu mtoto wao angekuwa na haki pale alipozaliwa. Utakapokuta ubatizo wa mtoto kama huyo katika parokia isiyotarajiwa, usifikirie kwamba mama alikwenda huko kwa hiari.

Nitajuaje ni yupi, kama parokia ina watu wawili wenye jina moja?

Wafuatilie wote wawili. Tafuta maziko ya utotoni, kwa kuwa mtoto aliyekufa hawezi kuwa babu yako, na wazazi mara nyingi walimpa mdogo wake jina lilelile. Linganisha kazi, majina ya watoto, mashahidi na makazi. Ukibaki na mmoja tu ambaye ushahidi haumkatai, una hoja. Wakibaki wawili, andika kwamba ni wawili, usimchague anayekupendeza. Miti ya ukoo iliyopachikwa mtandaoni bila picha za rekodi ichukuliwe kama fununu tu.

Je, naweza kufanya haya bila fedha nyingi?

Unaweza kufika mbali. Tovuti ya FamilySearch haitozi ada, na miradi ya kujitolea ya FreeBMD, FreeCEN na FreeREG hutoa faharasa za usajili, sensa na parokia bure. Faharasa ya mtandaoni ya ofisi kuu ya usajili ina jina la ukoo la mama kwa vizazi vingi tangu 1837, jambo linalokuwezesha kupanga watoto wa familia moja kabla hujanunua cheti hata kimoja. Madaftari ya parokia yaliyozidi miaka 100 kwa kawaida huwekwa katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Omba kwanza orodha ya madaftari ya parokia yako na miaka inayofunikwa, kwa sababu kukosa jina katika faharasa hakuna maana yoyote mpaka ujue kama daftari la mwaka huo lilinukuliwa au hata lipo.